Anayesubiriwa ni Nani? Programu ya Mtiririko wa Kazi na Tishari Lililongoja Vipuri vya Mokambo

Ukarabati wa chombo cha majini hutofautiana na ujenzi wake kwa jambo moja linalovuruga kila mpango: anayejenga huujua wingi wa kazi tangu mwanzo kwa kuwa ameuchora, ilhali anayekarabati huujua baada ya kukifungua chombo, kukwangua rangi na kutu, na kupima unene wa chuma kilichobaki. Bamba lililofungwa likiwa na milimita 6 huweza kukutwa limebakiwa na milimita 3, na hapo kazi iliyohesabiwa kuwa ya kupaka rangi hugeuka kuwa ya kukata, kuagiza chuma, kuchomelea na kupima upya. Kwa sababu hiyo ratiba iliyobandikwa ukutani siku ya kwanza huchakaa upesi, na karakana huhitaji njia ya kuifuata kazi inayozaliwa wakati kazi nyingine inaendelea. Njia hiyo ni programu ya mtiririko wa kazi, yaani programu ya simu au kompyuta ambamo kila kazi huandikwa katika kadi yake, kadi ikapewa mwenyewe, tarehe na hali, kisha ikahamishwa kutoka safu moja hadi nyingine huku wahusika wote wakiiona.

Kupanga kazi kwa namna hii kuna uhusiano wa zamani na majini. PERT, mbinu ya kuchora kazi kama mtandao ili ionekane ipi inaizuia ipi, ilibuniwa mwaka 1958 kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani, katika mradi wa makombora ya Polaris yaliyorushwa kutoka kwenye nyambizi. Hata hivyo, wabunifu wake hawakuwa na tatizo ambalo maziwa ya Afrika yanalo. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikavushwa bahari na nchi kavu hadi Kigoma. MV Victoria ya Ziwa Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilikarabatiwa Mwanza na kampuni ya Korea Kusini kwa mkataba uliosainiwa mwaka 2018, ikarudi kazini mwaka 2020. Kwa vyombo vya aina hii, sehemu kubwa ya mitambo na chuma hufika kwa lori au kwa treni kutoka nchi nyingine, na kwa hiyo mpaka wa nchi kavu, ulio mamia ya kilomita kutoka majini, unapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya karakana.

Katika Haut-Katanga, jimbo la Kongo, mpaka huo huweza kuwa Mokambo. Kituo hiki, kinachokabiliana na mji wa migodi wa Mufulira upande wa Zambia, kiko chini ya kivuli cha kituo kikubwa zaidi cha mpaka, Kasumbalesa, ambako foleni za malori ya shaba zimekuwa sehemu ya maisha ya kila siku, na wasafirishaji wengi huchagua Mokambo kwa kukimbia foleni hizo. Mzigo ukishavuka huelekea Lubumbashi, na ule wa vyombo vya majini huendelea takriban kilomita 200 hadi Kasenga, bandari ya mto Luapula iliyolilisha jiji la Elisabethville (Lubumbashi ya leo) samaki wa Ziwa Mweru tangu enzi za ukoloni, wakati wafanyabiashara wa Kigiriki walipoifanya kuwa kitovu cha biashara hiyo. Hapo hapana chelezo kikubwa kama cha Mwanza, yaani mteremko uliojengwa wa kupandishia na kushushia meli. Chombo huvutwa ukingoni maji yanapopungua wakati wa kiangazi, hukarabatiwa kikiwa kimekaa juu ya magogo, kisha hurudishwa mtoni. Mvua zikianza Novemba na ukingo ukageuka tope, kazi ya kuchomelea chini ya chombo huwa imekwisha, iwe imekamilika au haijakamilika, na hakuna mwenye chombo awezaye kuuomba mto muda wa nyongeza.

Utaratibu unaopendekezwa hapa una hatua nne. Ya kwanza ni kuigawa kazi katika kadi ndogo kiasi kwamba fundi mmoja na msaidizi wake waweze kuimaliza kadi moja ndani ya siku chache. Ya pili ni kuweka safu chache tu, kwa mfano «imepimwa», «imeagizwa», «inafanywa», «imekaguliwa», kwa kuwa safu zikizidi mafundi huacha kuhamisha kadi. Ya tatu ni kila kipuri kinachonunuliwa kuwa na kadi yake, tofauti na kadi ya kazi itakayokitumia. Hatua ya nne ndiyo inayostahili maelezo marefu, na maana yake haieleweki bila kusimulia yaliyolipata tishari moja la chuma mwaka 2024, katika mradi ambao mwandishi wa makala haya aliufuatilia kwa karibu tangu upimaji hadi kushushwa.

Tishari hilo, chombo cha mizigo kisicho na injini, lilivutwa ukingoni pamoja na boti lake la kulisukuma. Upimaji ulionyesha kwamba mabamba kadhaa ya chini yalikuwa yameliwa, na kwamba shafti ya boti, ule mhimili unaozungusha rafadha, ilikuwa imechimbika mahali inapopita ndani ya bushi. Mabamba, shafti mpya na bushi viliagizwa kutoka karakana ya Ukanda wa Shaba wa Zambia, vipite Mokambo. Mwenye chombo alikuwa tayari amenunua programu ya kusimamia miradi kutoka kwa muuzaji mmoja wa Lubumbashi, na programu hiyo ilipima kila kazi kwa asilimia. Kadi ya shafti ilisoma asilimia 70. Ilisoma hivyo wiki moja, ikasoma hivyo wiki iliyofuata, na kila aliyeifungua aliridhika kwamba jambo linakwenda, kwa sababu asilimia 70 ni tarakimu yenye sura ya mwendo.

Katikati ya Agosti mwaka huo Zambia iliifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, baada ya Kongo kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi na madereva wa malori kupinga hatua hiyo. Lori la vipuri lilikuwa Mufulira. Ukingoni kila mtu alipata maelezo: mpaka umefungwa. Mpaka ukafunguliwa, malori yakaanza kuvuka, lakini mzigo wa shafti ukabaki palepale, na maelezo ya ukingoni hayakubadilika. Wachomeleaji waliokuwa wameajiriwa kwa siku walikaa kivulini wakilipwa. Fundi wa rangi, ambaye hakupenda kukaa bure, akaanza kupaka sitaha juu ya mabamba ambayo yangechomelewa kutoka chini, na rangi hiyo yote iliungua baadaye ikabidi ikwanguliwe. Ni jambo la kuudhi sana kuona fundi mzuri akitumia ustadi wake kwa kazi ambayo mpangaji yeyote makini angeizuia kwa sentensi moja.

Chanzo cha kukwama kilipopatikana hatimaye, kilikuwa karatasi. Ankara ya muuzaji wa vipuri iliandika mstari mmoja, «vipuri vya boti», na bei moja. DGDA, idara ya forodha ya Kongo, hupokea tamko la mzigo kupitia Sydonia World, mfumo wa kompyuta wa forodha uliotengenezwa na UNCTAD, na tamko hilo hutaka kila aina ya bidhaa iwe na nambari yake ya ushuru na thamani yake. Deklaran wa Mokambo, yaani wakala anayeandaa tamko kwa niaba ya mwenye mzigo, alikwisha kuiomba ofisi ya manunuzi ya mwenye chombo, iliyoko Lubumbashi, ankara iliyochanganuliwa. Ofisi ikapeleka ombi kwa muuzaji. Muuzaji akadhani deklaran atachanganua mwenyewe. Deklaran akaendelea kungoja, ofisi ikaendelea kungoja, na karakana, iliyokuwa haijui lolote kati ya haya, ikaendelea kusoma asilimia 70. Kila mmoja wao, akiulizwa, angeweza kuapa kwamba kwake hakuna kilichokwama.

Hapo ndipo asilimia zilipoondolewa, na mahali pake pakawekwa sehemu moja katika kila kadi: «Anasubiriwa nani?» Hiyo ndiyo hatua ya nne, nayo ina thamani zaidi kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Sehemu hiyo huandikwa jina la mtu, kamwe si jina la ofisi, kwa kuwa ofisi haipokei simu. Chini ya jina huandikwa kwa sentensi moja kitu kinachosubiriwa kutoka kwake: «ankara yenye mistari mitatu», «sahihi ya vipimo», «mtungi wa gesi». Kisha huandikwa tarehe mbili, ya kwanza ikiwa siku kadi ilipoanza kusubiri na ya pili siku ilipomfikia mtu huyu. Jina likibadilika tarehe ya pili hubadilika, lakini ya kwanza haiguswi na yeyote. Bila tarehe hiyo ya kwanza, kadi iliyopitia mikono mitano huonekana changa kila inapofika mkono mpya, na ucheleweshaji hujificha ndani ya makabidhiano.

Kanuni nyingine mbili zilipatikana kwa mabishano. Jina haliandikwi mpaka mwenye jina aambiwe na akubali kwamba anasubiriwa, kwa sababu nusu ya misukosuko ya mradi ule ilitoka kwa watu waliokuwa wakingojwa bila kujua. Pia hakuna kadi inayoruhusiwa kusubiri mvua, mto au mpaka. Mkuu wa wachomeleaji aliipinga kanuni hii kwa nguvu, akisema kwamba mpaka uliofungwa hauna mtu wa kulaumiwa, na alikuwa na haki katika suala la lawama. Lakini hata mpaka ukifungwa yupo mtu anayeweza kwenda kuuliza kila asubuhi kama umefunguliwa na lori liko wapi katika foleni, na jina lake ndilo linaloandikwa. Sehemu hiyo haimtafuti mwenye kosa. Inamtaja mtu ambaye simu kwake inaweza kuisogeza kazi leo.

Matokeo ya kwanza yalikuja haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kadi ya shafti ilipoandikwa jina la karani wa ankara wa muuzaji, badala ya neno «mpakani», karani huyo alipigiwa simu, akashangaa, na akatuma ankara mpya siku hiyohiyo. Tamko likaingizwa, ukaguzi wa OCC, shirika la Kongo la ukaguzi wa ubora na wingi wa bidhaa, ukafanyika, na lori likaondoka Mokambo. Mabamba yalichomelewa, shafti ikafungwa na kunyooshwa, na tishari likarudi mtoni kabla ukingo haujalainika, jambo ambalo mwezi mmoja nyuma hakuna aliyethubutu kulitamka.

Matokeo ya pili hayakumfurahisha kila mtu. Tarehe za kadi zote zilipopangwa kuanzia kusubiri kurefu kuliko kote, kufungwa kwa mpaka kulionekana kuwa sehemu ndogo. Kusubiri kukubwa kulitokea Lubumbashi, kati ya siku vipimo vya mabamba vilipoletwa na siku agizo lilipotumwa, vipimo vikiwa mezani vinangoja sahihi. Mokambo ilikuwa imebeba lawama ya meza iliyo mbali nayo, na inafaa kusemwa wazi kwamba desturi ya kuutupia mpaka kila kosa huwanyima wenye vyombo nafasi ya kurekebisha yaliyo chini ya uwezo wao.

Kuhusu wauzaji wa programu, uzoefu huo unatoa hukumu kali kidogo. Programu iliyouzwa Lubumbashi ilikuwa na sehemu za mishahara, uhasibu na michoro ya rangi, ilitozwa kwa dola kwa kila mtumiaji, na ilihitaji intaneti muda wote, sharti ambalo ukumbi wa maonyesho ulilitimiza na ukingo wa Luapula haukuweza. Muuzaji anayekataa kuionyesha programu yake kwenye simu iliyozimwa intaneti hapaswi kulipwa. Primavera P6 ya Oracle ina nguvu katika miradi mikubwa, lakini humtaka mpangaji wa kudumu, na karakana yenye mafundi wachache haina mshahara wa mtu huyo. Odoo, yenye asili ya Ubelgiji, ina toleo lisilolipiwa na inafaa anayetaka kuunganisha ghala na kazi, alimradi awe na mtu wa kuitunza. Kwa ukarabati wa kiasi hiki, ubao wa kadi wa aina ya Trello unatosha, ukisaidiwa na fomu za KoboCollect, zilezile ambazo mashirika ya misaada hutumia mashariki mwa Kongo, kwa kuwa fundi huijaza fomu mahali pasipo na mtandao na simu huituma baadaye itakapoupata.

Kadi ya kipuri ina sehemu nyingine moja iliyozaliwa na kisa hiki, nayo ni nambari ya ushuru, inayojazwa siku ya kuagiza. Nambari hizo hutoka katika mfumo wa uainishaji wa Shirika la Forodha Duniani, na tarakimu zake 6 za mwanzo ni zilezile Zambia na Kongo: rafadha za meli na boti ziko 8487.10, shafti za kupitisha nguvu ziko 8483.10, bushi za shafti zisizo na gololi ziko 8483.30, na mabamba mapana ya chuma yaliyopitishwa rola yakiwa ya moto, bila kupakwa madini mengine, yako chini ya 7208. Muuzaji hupewa nambari hizi pamoja na agizo, huombwa aandike kila moja katika mstari wake kwenye profoma, yaani ankara ya awali isiyodai malipo bado, na profoma hiyo hupelekwa kwa deklaran wa Mokambo, ambaye kuanzia saa hiyo jina lake ndilo lililo kwenye kadi. Akikuta mistari miwili imeunganishwa, huirudisha kabla fedha haijatoka Lubumbashi.