Jiwe Lililopikwa na Maji Moto

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta, akiisha kupita Maktau, hukiona kilima cha Salaita, mahali palipopiganwa vita vikali tarehe 12 Februari, 1916. Asubuhi isiyo na mawingu huonekana pia, upande wa kaskazini-magharibi, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Wengi hudhani mlima ule umekwisha kufa. Sivyo. Katika kasoko ya Reusch, juu kabisa, mvuke wenye harufu ya salfa hutoka nyufani, na mawe ya kando yana utando wa manjano.

Mvuke wa namna hii hula mawe. Gesi ya salfa ikikutana na hewa na maji hugeuka asidi kali, ile ile itiwayo katika betri za motokaa. Asidi hiyo huyeyusha soda, potasi na chokaa zilizomo katika jiwe la volkeno na kuzichukua. Hubaki silika na udongo mweupe uitwao kaolini. Jiwe lililokuwa gumu na jeusi sasa husagika kwa vidole.

Chini sana ardhini mambo ni mengine. Maji moto ya huko hayana ukali huo, na jiwe hugeuka kijani. Joto likiwa chini ya digrii 200 hivi za sentigredi, huzaliwa udongo uvimbao ukilowa. Lizidipo digrii 240 hivi, hutokea epidoti, fuwele za kijani-manjano zenye chokaa, chuma, alumini na silika.

Elimu hii ina kazi kubwa Olkaria, karibu na Naivasha. Uchimbaji ulianza huko mwaka 1956, lakini visima viwili vya kwanza havikutoa mvuke wa kufaa. Mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Kisima kichimbwapo, vipande vya mawe hukusanywa kila baada ya meta 2 hivi, vikatazamwa kwa hadubini, yaani darubini ya kuonea vitu vidogo. Epidoti ikionekana ni habari njema, ila si ya kuaminiwa upesi, kwa kuwa jiwe hubaki na alama ya joto la kale hata joto lenyewe likiisha kuondoka. Aonaye ugali ulioiva hawezi kujua kama mekoni mngali na moto. Kwa hiyo kipimajoto hushushwa kisimani. Kikionyesha digrii 150 tu mahali penye epidoti, hujulikana kuwa upande ule umepoa, na fedha za kisima kifuatacho hupelekwa kwingine.