PUMU YA NGOZI: MTOTO ANAYEJIKUNA USIKU KUCHA



Mwezi huu tutajifunza juu ya ugonjwa wa ngozi ambao wengi wetu huuita pumu ya ngozi, na katika vitabu huitwa ukurutu. Nimeuchagua kwa sababu ya jambo nililoliona kanisani. Wakati wa kutakiana amani, binti mmoja wa darasa la nne alimnyooshea mkono mama aliyekaa karibu naye. Yule mama aliutazama ule mkono, ambao ngozi yake ilikuwa nene, nyeusi na yenye magamba, akainamisha kichwa tu na kugeukia upande wa pili. Binti akaurudisha mkono wake ndani ya sweta. Simlaumu sana yule mama, maana hakuna aliyemfundisha.

Basi neno la kwanza la somo hili ni kwamba pumu ya ngozi haiambukizi. Haiambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kula sahani moja. Mwalimu hana sababu ya kumkalisha mtoto huyu peke yake, na jirani hana sababu ya kuwaita wanawe wasicheze naye.

Ni ugonjwa gani?

Ngozi yetu ni kama ukuta uliosiribwa vizuri. Huzuia maji ya mwili yasitoke ovyo, na huzuia vumbi na vijidudu visiingie. Mwenye pumu ya ngozi amezaliwa na ukuta wenye nyufa. Maji yanatoka, ngozi inakauka. Sabuni, vumbi na vijidudu vinapenya, mwili unaanza kupigana navyo, na mapigano hayo ndiyo yanayoleta mwasho. Mtoto akijikuna anaongeza nyufa, na nyufa zikiongezeka mwasho unazidi. Kwa hiyo kumchapa au kumkemea mtoto asijikune hakusaidii kitu. Wewe mwenyewe ungejikuna.

Hali hii hurithiwa. Ukiuliza vizuri katika ukoo, mara nyingi utasikia kwamba bibi alikuwa na pumu ya kifua, au mjomba hupiga chafya kila asubuhi kwa aleji. Si damu chafu, si kulogwa, wala si kwa sababu mama alikula kitu fulani alipokuwa mjamzito. Wakina mama wengi hulia kliniki wakidhani wao ndio waliokosea. Hamkukosea.

Mara nyingi ugonjwa huanza kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, na wengi huanza katika mwaka wa kwanza. Kwa mtoto mchanga hukaa mashavuni na kichwani. Akikua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kwenye viwiko vya mikono na miguu. Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Sisi tutaona mabaka meusi zaidi au ya kijivu, vipele vidogo vidogo vinavyokwaruza kama msasa, na baadaye ngozi nene yenye mistari. Ikipona huacha mabaka meupe au meusi ambayo hukaa miezi mingi kabla ya kuisha. Mabaka hayo si ugonjwa tena, msiyasugue.

Lakini si kila mwasho ni pumu ya ngozi. Kama mwasho umewapata watu kadhaa nyumbani, unazidi usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huo huenda ni upele, na upele hutibiwa kwa watu wote wa nyumba siku moja. Baka la duara lenye ukingo ulioinuka huenda ni fangasi. Na mtu mzima ambaye hajawahi kuugua ngozi, kisha ghafla mwili wote unajaa vipele vya kuwasha, ni vizuri apime pia virusi vya UKIMWI, kwa kuwa mwasho wa namna hiyo unaweza kuwa dalili.

Msimnyime mtoto chakula

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo ninapoona madhara makubwa.

Mama mmoja alituletea mtoto wa karibu miaka miwili. Alikuja kwa sababu ya miguu iliyovimba, si kwa sababu ya ngozi. Tulipouliza tulikuta kwamba mtoto ana pumu ya ngozi tangu mchanga. Jirani wa kwanza alisema ni mayai, mama akaacha mayai. Wa pili akasema ni maziwa. Wa tatu akataja samaki, karanga na maharage. Mama ni mtiifu na anampenda mwanawe, akafuata yote, mtoto akabaki na uji mweupe na ugali kwa mboga za majani. Ngozi haikupona, na juu yake ukaja utapiamlo. Alilazwa wiki kadhaa.

Ni kweli kwamba baadhi ya watoto wana mzio wa chakula fulani. Lakini mzio huo mara nyingi hujionyesha upesi: mtoto anakula yai, na ndani ya dakika chache au saa mbili midomo inavimba, anapata mabaka ya kuinuka mwilini, anatapika au anakohoa. Ukiona hivyo acha chakula hicho na uje hospitali. Akipumua kwa shida, usingoje. Usimpunguzie mtoto chakula kwa kubahatisha. Mtoto mchanga aendelee kunyonya, na chanjo zote azipate kwa tarehe zake kama watoto wengine.

Mafuta kila siku, hata siku ngozi ni nzuri

Dawa ya kuumaliza ugonjwa huu mara moja tu haipo. Watoto wengi hupata nafuu kubwa wanapokua, wengine hubaki nao hadi utu uzima. Anayekuahidi kuumaliza kwa chupa moja anataka fedha yako. Kazi yetu ni kuziba nyufa za ule ukuta kila siku, na kitu cha kuzibia ni mafuta.

Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato wala rangi, yanafaa sana na ni ya bei nafuu. Ukikosa, mafuta ya alizeti yaliyosafishwa au mafuta ya nazi yanaweza kusaidia. Mafuta ya mzeituni hayafai kwa ngozi hii, huidhoofisha. Najua wapo wanaoleta mafuta hayo kwa padre yabarikiwe. Sali nayo kwa imani, mpake alama ya msalaba kwenye paji la uso, kisha mwili umpake ya mgando.

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, bila dodoki. Sabuni iwe laini na itumike pale penye uchafu tu. Sabuni ya mche ni ya nguo. Usitie dawa kali za kuua vijidudu kwenye maji. Ukimaliza mkaushe kwa kumgusagusa kwa taulo, usimsugue, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpake mafuta mwili mzima, ukifuata upande nywele zinakolala. Usingoje akauke kabisa. Mpake tena kabla ya kulala, na mchana ukiweza. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole, ili kopo lisiingie vijidudu.

Vitabu vya tiba hushauri gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto. Najua wengi wenu mtashtuka, maana kopo dogo la dukani hukaa mwezi mzima katika nyumba. Nunueni kopo kubwa na lisiwe la watu wote. Fedha ikipungua, usiache kumpaka baada ya kuoga na wakati wa kulala.

Huku kwetu nyanda za juu, Juni hadi Agosti ni miezi migumu. Kuna baridi na upepo mkavu, na jioni watoto hukaa jikoni kuota moto. Moto hukausha ngozi na moshi huichokoza. Tena kuna hatari nyingine: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta hushika moto upesi. Mtoto aliyepakwa mafuta akae mbali na jiko na kibatari. Sweta la shule livaliwe juu ya shati la pamba, lisiguse ngozi, na nguo zisuuzwe mara mbili ili sabuni ya unga iishe. Kucha zikatwe fupi. Usiku mvalishe soksi safi za pamba mikononi.

Dawa ya kupaka na makosa yake mawili

Ngozi ikiwaka, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo tunatumia krimu za jamii ya steroidi, ambazo huzima yale mapigano ndani ya ngozi. Kwa uso tunatumia ile dhaifu, haidrokotizoni ya asilimia 1, kwa siku chache tu. Kwa ngozi nene ya mikono na miguu daktari anaweza kukupa yenye nguvu zaidi, kama betamethasoni, mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili.

Kosa la kwanza ni kuiogopa, na katika hilo nakiri nimechangia. Kwa miaka mingi niliwaambia wakina mama, "Paka kidogo sana, sana." Nao walitii. Walipaka tone moja kwa mguu mzima, ngozi ikakataa kupona, mwishowe wakasema dawa ya hospitali haina nguvu. Kipimo sahihi ni hiki: kamua krimu juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha hadi pingili ya kwanza. Kiasi hicho kinatosha sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Paka pale penye ugonjwa tu, na acha kama nusu saa kati ya krimu na mafuta. Ngozi ikiwa laini na mwasho umekwisha, acha krimu kama ulivyoelekezwa, lakini mafuta yaendelee.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kununua krimu dukani bila kujua ndani kuna nini. Zipo zenye mchanganyiko wa dawa tatu, ya steroidi, ya fangasi na ya vijidudu, na watu hupaka kila kitu kwa hiyo moja. Ni nzuri kwa siku tatu, ukiacha mwasho unarudi kwa nguvu, unapaka tena, na mwaka unapita. Ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi na chunusi. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kudhuru hata macho. Fangasi ikipakwa steroidi husambaa. Na krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali ndani yake, hata kama kopo halisemi. Nimeona mtoto wa miezi minane akipakwa krimu ya mama yake ya uso.

Vidonge vya predinisoloni navyo si vya kununua mwenyewe. Na dawa za aleji kama piritoni humletea mtoto usingizi, lakini mwasho wa ugonjwa huu hauziogopi sana. Mafuta ya taa nisisikie.

Kwa watu wazima

Ugonjwa ukibaki ukubwani mara nyingi hukaa mikononi. Dada anayefua nguo za watu, mama lishe anayeosha vyombo siku nzima, fundi anayekoroga saruji, wote hawa ngozi yao haipati nafasi ya kupona. Vaa glavu za mpira, na ndani yake glavu au kitambaa cha pamba. Paka mafuta kila ukinawa. Kwa fundi saruji, wakati mwingine huwa hakuna dawa isipokuwa kubadili kazi, na hilo ni neno gumu kumwambia baba mwenye watoto, lakini tunalisema.

Lini uje haraka

Njoo siku hiyo hiyo kama ngozi inatoa majimaji au usaha, ina gamba la rangi ya asali, au mtoto ana homa. Vijidudu vimeingia kwenye nyufa. Na kama utaona ghafla malengelenge mengi madogo au vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, vyenye maumivu, hasa usoni, usingoje asubuhi hata kama ni usiku. Hivyo huenda ni virusi vya malengelenge ya mdomo vilivyoenea, na vinaweza kuua mtoto au kumpofusha. Kwa sababu hiyo, mwenye malengelenge ya mdomo asimbusu mtoto mwenye pumu ya ngozi.

Ugonjwa usiposikia matibabu ya kawaida, omba kupelekwa kwa mtaalamu wa ngozi. Pale KCMC, Moshi, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanza mwaka 1992, na matabibu waliosoma huko sasa wanafanya kazi katika hospitali mbalimbali. Uliza hospitali yako ya mkoa kama yupo mmoja wao.

Na unapokuja, mlete mtoto pamoja na tyubu na makopo yote uliyompaka, hata yale unayoona haya kuyaonyesha, na hata dawa ya majani uliyopewa na bibi. Yafunge kwenye mfuko uje nayo. Hatutakugombeza. Tunataka tu kujua ngozi hiyo imepita wapi.