Mchanganyiko au Changamano? Istilahi na Kemia ya Shaba

Tangu TUKI ichapishe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mfasiri wa sayansi hakosi pa kuanzia. Hata hivyo, anapokumbana na makala kuhusu shaba na ligandi zake, aghalabu neno la kwanza kumjia ni mchanganyiko. Neno hilo halifai hapa. Chumvi na mchanga ni mchanganyiko: kila kimoja hubaki na tabia zake, na maji yatosha kuvitenganisha. Shaba na ligandi zimefungana kwa bondi.

Istilahi changamano ni bora, na wanasarufi wanaijua. Katika sentensi changamano, kishazi tegemezi huegemea kishazi huru. Vivyo hivyo, ioni ya shaba hukaa katikati, nazo ligandi huifungamania kwa kuipa jozi za elektroni. (Ulinganisho huu una mpaka: ligandi nyingi huweza kukaa peke yake, kishazi tegemezi hakiwezi.) Ligandi zikiwa za aina mbili, mathalani fenanthrolini na glisini, hilo ni changamano la ligandi mseto.

Kuliunda si kazi ngumu. Chumvi ya shaba huyeyushwa katika maji na ethanoli, ligandi hizo mbili hutiwa pamoja na besi kidogo, kisha mmumunyo hupashwa moto. Fuwele zinazojitenga huchujwa, huoshwa na kukaushwa. Fenanthrolini hushika shaba kwa naitrojeni mbili. Glisini kwa naitrojeni moja na oksijeni moja.

Ugumu uko katika kupima nguvu zake dhidi ya bakteria. Diski za karatasi zilizoloweshwa dawa huwekwa juu ya agari iliyopandwa, tuseme, Staphylococcus aureus. Baada ya takriban saa 24 katika nyuzijoto 37, duara lisilo na bakteria hupimwa kwa milimita. Wengi hueleza duara kubwa kwa nadharia ya ukelati: ligandi hupunguza chaji ya shaba, hivyo changamano hupenya utando wa seli wenye mafuta. Maelezo hayo hayana mashiko pasipo kupima pia chumvi ya shaba peke yake, kila ligandi peke yake, na kiyeyushi. Fenanthrolini yenyewe hudhuru bakteria. Huenda duara ni lake. Mfasiri anayeandika “mchanganyiko” humfichia msomaji swali lenyewe la utafiti: kilichoua bakteria ni vitu vilivyowekwa pamoja tu, au ni kitu kipya?