SOMO LA IJUMAA: KUNYOA NI SUNNA, KUJIUMIZA SI SUNNA



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake, leo tunasema juu ya jambo ambalo wengi wanaona haya kulitaja: ngozi inayowasha, kuuma na kutoka vipele baada ya kunyoa kinena, makwapa, ndevu au kichwa. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Nasi tuseme kwa adabu, lakini tuseme wazi, kwa sababu watu wanaumia kimya kimya.

1. DINI IMESEMA NINI?

Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja mambo matano ya maumbile safi: kutahiri, kunyoa kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kung'oa nywele za makwapa. Na katika hadithi ya Anas (r.a.) iliyo katika Muslim, tumewekewa mpaka: tusiziache zaidi ya siku 40.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani siku 40 ni kitu kidogo, basi wanajilazimisha kunyoa kila usiku wa kuamkia Ijumaa, hata kama ngozi ya juma lililopita haijapona. Wanapitisha wembe juu ya vipele, vinapasuka, na Ijumaa inayofuata wanarudia. Ndugu, kujisafisha kwa ajili ya Ijumaa ni jambo zuri, lakini siku 40 ni nafasi tuliyopewa. Ngozi iliyoumia ina muda wa kupumzika ndani ya nafasi hiyo.

Wengine wanadhani kuwa njia ni moja tu. Tusikilize habari ya Imam Shafi (aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra, yaani 820), ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake. Mwanafunzi wake, Yunus bin Abdul-A'la, aliingia kwake akamkuta kinyozi anamnyoa makwapa. Imam akamweleza kwamba anajua Sunna ni kung'oa, lakini hawezi kuvumilia maumivu yake. Habari hii ameieleza Imam Nawawi. Ikiwa Imam mwenyewe alibadili njia kwa sababu ya maumivu, wewe unajitesa kwa nini? Linalotakiwa ni nywele kuondoka na mwili kuwa safi. Wembe, mkasi, mashine au dawa ya kuondolea nywele, vyote vinafikisha hapo.

2. KWA NINI VIPELE VINATOKA?

Wengi wanafikiri ni uchafu, au wanamshuku mke au mume. Mara nyingi si hivyo. Nywele zetu Waafrika zimejipinda. Ukizikata karibu sana na ngozi, ncha inabaki kali kama mwiba. Inapoota tena inajikunja, inarudi kuchoma ngozi na kuingia ndani. Mwili unapigana nayo kama unavyopigana na mwiba, ndiyo maana panavimba na kuwasha. Ndevu, shingo na kinena ndipo panapoumia zaidi.

Mambo mengine yanaongeza: wembe butu, kunyoa pakavu bila maji, kupitisha wembe mara nyingi mahali pamoja, jasho, na nguo za kubana. Anayeendesha pikipiki au toleka siku nzima juani baada ya kunyoa anajua maumivu yake.

3. NAMNA YA KUNYOA BILA KUUMIA

a) Nywele zikiwa ndefu, zipunguze kwanza kwa mkasi.
b) Osha mahali hapo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uache zilainike dakika chache.
c) Paka povu la sabuni laini. Usinyoe pakavu.
d) Tumia wembe mpya wenye makali. Fuata upande nywele zinapoelekea, usiende kinyume.
e) Usivute ngozi kwa nguvu, na usirudierudie. Si lazima ngozi iwe laini kama kioo.
f) Suuza kwa maji baridi, kausha kwa kitambaa safi bila kusugua.
g) Siku hiyo vaa nguo ya pamba isiyobana. Usipake manukato, ndimu, dawa ya meno wala pombe kali juu ya ngozi iliyonyolewa.

Mwenye kupata vipele kila mara aache wembe. Akate kwa mkasi au mashine, abakishe nywele fupi kidogo juu ya ngozi. Mwenye kutumia dawa ya kuondolea nywele aijaribu kwanza mahali padogo mkononi na angoje siku moja. Asipitishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na asiipake penye kidonda, maana inaunguza.

4. IKIWA NGOZI IMEKWISHA KUUMIA

Kwanza, acha kunyoa mahali hapo mpaka papone. Inaweza kuchukua wiki tatu au nne. Pili, chovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, kikamue, ukiweke juu ya vipele dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku. Tatu, usikamue, usikune, wala usichimbe nywele kwa sindano. Ndiyo njia ya kuingiza usaha ndani na kubakiza alama nyeusi.

Jihadharini na krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni. Nyingi zina dawa kali kama klobetasoli. Utaona mwasho unapungua siku mbili tatu, ukadhani umepona, kumbe ngozi inakuwa nyembamba na ugonjwa unaendelea kuenea chini kwa chini.

Nenda kituo cha afya ukiona haya: usaha, uvimbe unaokua, ngozi kuwa ya moto na maumivu kuenea, homa, au mitoki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima kwa kugusa. Mwenye kisukari asingoje. Majipu yanayorudi kila mara makwapani au kinenani, na vinundu vigumu kisogoni baada ya kunyolewa kichwa, ni magonjwa yanayojulikana na yana tiba. Na kidonda cha sehemu za siri kisichopona, usiseme tu kwamba ni wembe. Kapimwe.

5. WEMBE MMOJA, MTU MMOJA

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Katika nyumba nyingi wembe mmoja unatumiwa na baba, kisha kijana wake, kisha mgeni. Wake wenza wanaazimana. Wanafunzi wanaolala pamoja wananyoana kwa wembe mmoja. Kinyozi anapangusa wembe kwa kitambaa na kuita mwingine.

Wembe unakata hata pale ambapo jicho halioni damu. Kwa njia hiyo mtu anaweza kumpa mwenzake virusi vya Sida au vya homa ya manjano ya ini aina ya B. Virusi hivyo vya ini vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi. Kuosha wembe kwa maji hakuviondoi. Hata mtoto mchanga, siku ya akika yake, anyolewe kwa wembe mpya ambao haujagusa mtu. Na ukienda kwa kinyozi, nenda na wembe wako. Kinyozi mwema hatakasirika. Sheria yetu imekataza kujidhuru na kudhuru wengine, na wembe wa kuazimana unaingia katika yote mawili.

6. UDHU, JOSHO NA SALA

Baadhi ya ndugu wanaacha kuja msikitini kwa kuogopa kwamba vipele vinaharibu sala. Katika madhehebu ya Shafi, damu inayotoka kwenye kipele haivunji udhu, na damu au usaha wa vipele unaotoka wenyewe umesamehewa. Ukikamua kwa makusudi, kinachosamehewa ni kidogo tu. Na ikiwa maji yanadhuru kidonda, osha sehemu nzima, kisha utayamamu kwa ajili ya sehemu yenye kidonda.

Tukumbuke hadithi ya Jabir (r.a.) iliyo katika Abu Daud. Mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapata janaba. Aliwauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawalaumu kwamba wao ndio waliomuua, na akafundisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Basi, ndugu, tuulize. Mama amfundishe binti yake, baba amfundishe mwanawe kabla hajajikata peke yake gizani kwa wembe aliouokota. Mume asimlaumu mke wake, wala mke asimlaumu mume, kabla ya kwenda kwa mganga. Aliye na udhuru wa ugonjwa dini haimbani.

Mwenyezi Mungu atusafishe nje na ndani, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wallahu aalam.

(Usisome karatasi hii wakati imamu anahutubu. Ina jina la Mwenyezi Mungu, usiitupe chini. Ukimaliza, mpe jirani.)