Tujifunze Maneno: "Knighthood" na "Chivalry"



Mwezi huu tumechagua maneno mawili ya Kiingereza ambayo wengi huyachanganya. Yote mawili yanahusu wale askari wapanda farasi wa Ulaya ya zamani, waliovaa mavazi ya chuma na kushika mikuki mirefu. Hata hivyo hayana maana moja, na tofauti yake yafaa kujulikana.

1. "Knighthood"

Askari wa namna hiyo aliitwa "knight". Neno hilo hutamkwa "nait", kwa maana k ya mwanzo haisikiki siku hizi. Kiungo cha mwisho, "-hood", hufanya kazi kama u- yetu: mtoto, utoto, ndugu, undugu. Basi "knighthood" ni hali au cheo cha kuwa knight.

Asili ya neno hili itawashangaza wengi. Katika Kiingereza cha kale "cniht" hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa kijana wa kiume, au mtumishi. Wajerumani hata leo wana neno "Knecht", yaani mtumishi. Na Injili zilipotafsiriwa katika Kiingereza cha kale, miaka elfu moja hivi iliyopita, wanafunzi wa Yesu waliitwa "leorningcnihtas", yaani vijana wanaojifunza. Baadaye mtumishi wa bwana akawa askari wake, akapewa farasi na ardhi, na neno la mtumishi likapanda hata likawa jina la heshima.

Siku hizi knighthood ni heshima itolewayo na mfalme au malkia wa Uingereza. Mwanamume anayepewa hupiga goti, huguswa mabegani kwa upanga, na tangu hapo huitwa "Sir". Ndiyo sababu katika historia twasoma habari za Sir Richard Turnbull, gavana wa mwisho wa Tanganyika kabla ya Uhuru wa 1961. Lakini kasisi wa Kanisa la Uingereza akipewa heshima hiyo, kwa desturi haguswi kwa upanga wala haitwi "Sir", kwa kuwa silaha haipatani na wito wake.

2. "Chivalry"

Neno hili, litamkwalo "shivalri", lilitoka katika Kifaransa, ambacho farasi hukiita "cheval". Wanormani waliishinda Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu baadaye Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa wa nchi ile. Ndivyo maneno mengi ya Kifaransa yalivyoingia katika Kiingereza, na hili ni mojawapo.

Hapo kwanza lilitaja kundi la askari wapanda farasi. Polepole likaanza kutaja mwenendo uliowapasa watu hao: ushujaa, kutimiza ahadi, adabu, na kuwalinda wanyonge. Leo hakuna haja ya farasi. Mtu yeyote mwenye adabu na huruma kwa aliye dhaifu aweza kusifiwa kwa neno hili.

Kiswahili chetu kina neno lililopita njia kama hiyo. Hapo kale mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Lilikuwa neno la cheo. Leo uungwana ni tabia njema, nasi twasema: Mwungwana ni vitendo.

3. Tofauti yake

Kwa hiyo knighthood hupewa mtu na mwingine, lakini chivalry huonekana katika matendo yake mwenyewe. Mwenye moja aweza kukosa ya pili. Mwaka 1099 jeshi kutoka Ulaya, lenye knights wengi, liliuteka mji wa Yerusalemu na kuwaua wakazi wake wengi, Waislamu na Wayahudi. Cheo walikuwa nacho, lakini uungwana siku ile haukuonekana.

Tena, kinachotolewa chaweza kurudishwa. Roger Casement alikuwa balozi mdogo wa Uingereza katika Kongo. Mwaka 1903 alisafiri ndani ya nchi hiyo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akasikiliza watu walioteswa kwa ajili ya mpira, na wengine waliokatwa mikono. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1904, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo. Baada ya kuchunguza pia mateso ya wakusanya mpira huko Amerika ya Kusini, Casement alipewa knighthood mwaka 1911. Lakini alipigania uhuru wa Ireland akitafuta silaha kwa Wajerumani wakati wa vita. Mwaka 1916 alihukumiwa kwa uhaini, akavuliwa cheo, akanyongwa. Waingereza na Waayalandi wamebishana sana juu yake. Hata hivyo, aliyemvua cheo hakuweza kufuta lile alilowatendea watu wa Kongo.

Zoezi

Weka neno linalofaa kati ya hayo mawili:

(a) Daktari yule alipewa ........ na Malkia.
(b) Kijana aliyempisha mzee kiti katika basi alionyesha ........

Kisha tuulizane nyumbani: neno la mtumishi limekuwa jina la wakubwa, na neno la farasi wa vita limekuwa jina la kuwahurumia wanyonge. Katika hayo mawili, ni lipi tungependa watoto wetu walitafute kwanza?