Maji ya Lubao Yanatoka Wapi? Somo la Mwamba, Chemchemi na Msitu

Mwezi wa Februari, jua linapokaza, foleni za jerikeni kwenye chemchemi za vijiji vinavyozunguka Lubao huwa ndefu kuliko wakati mwingine wa mwaka. Chemchemi moja hupungua hadi maji yakawa kama uzi, na mama aliyefika saa kumi na moja alfajiri akaondoka saa tatu. Nyingine, mwendo mfupi tu kutoka hapo, huendelea kutoa maji kana kwamba mvua ilinyesha jana. Zote mbili zilipata mvua ileile. Tofauti imetoka wapi?

Jibu liko katika mambo matatu ambayo wanasayansi wameyachunguza kwa miaka mingi katika Kaunti ya Kakamega: mwamba ulio chini ya miguu yetu, maji yanayopita ndani yake, na msitu pamoja na wanyama wake. Anayeyaelewa haya matatu anaweza kuilinda chemchemi ya kijiji chake kabla haijakauka au kuchafuka.

MWAMBA: GHALA LISILOONEKANA

Miamba ya Kakamega ni miongoni mwa miamba mikongwe zaidi nchini Kenya. Mingi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilianza kuchunguzwa kwa bidii baada ya dhahabu kupatikana hapa mwaka 1931, wachimbaji walipomiminika kutoka pande zote na mgodi wa Rosterman ukafunguliwa karibu na mji. Wataalamu wa miamba walifika kutafuta dhahabu, lakini elimu waliyoiacha hutusaidia leo kuelewa maji.

Sehemu kubwa ya miamba hiyo ni migumu, kama vile matale, yaani graniti. Mwamba wa matale haunyonyi maji kama sifongo. Anayetaka ushahidi na atazame Jiwe Linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu. Mvua hukusanyika juu ya jiwe hilo kisha maji huteremka usoni pake kama machozi, kwa sababu hayawezi kuzama ndani. Kama Kakamega yote ingekuwa jiwe tupu namna hiyo, mvua yote ingeteremka mtoni mara tu inaponyesha, na kusingebaki kitu cha kuchota wakati wa kiangazi.

Bahati yetu ni kwamba juu ya mwamba huo kuna blanketi nene. Kwa muda mrefu sana, joto na mvua zimeumomonyoa mwamba kutoka juu kwenda chini. Juu kuna udongo mwekundu tunaoulima. Chini yake mara nyingi kuna marram na udongo wa mfinyanzi, kisha mwamba uliooza na kuwa kama changarawe, na hatimaye mwamba mgumu wenye nyufa. Maji ya mvua huzama polepole katika tabaka hizo na kukaa ndani ya changarawe na nyufa. Hilo ndilo ghala letu.

Mahali ambapo ardhi inateremka na kukatana na ghala hilo, maji hutokeza nje. Hapo ndipo chemchemi inapozaliwa. Ndiyo maana chemchemi nyingi ziko chini ya kilima au pembeni mwa bonde. Ndiyo maana pia jirani wawili wanaweza kuchimba visima, mmoja akapata maji mengi na mwingine akagonga jiwe kavu: wa kwanza alikutana na ufa au tabaka nene la mwamba uliooza, wa pili hakukutana nalo. Kabla ya kulipia kisima kirefu cha mashine, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi hupima kwanza, na kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

MSITU: MLANGO WA GHALA

Ghala bila mlango halijazwi. Mvua inayoipata sehemu ya msitu wa Kakamega ni kama milimita 2,000 kwa mwaka. Swali ni kiasi gani kinazama na kiasi gani kinakimbilia mtoni kikibeba udongo wetu. Penye miti, majani huvunja kishindo cha matone, majani makavu yaliyoanguka hushikilia maji, na mizizi pamoja na minyoo hufungua vijia vya kupitisha maji chini. Penye ardhi tupu iliyokanyagwa na ng'ombe, matone huupiga udongo ukafunga, na maji huteleza juu juu.

Msitu wa Kakamega, uliotangazwa rasmi mwaka 1933, uko mashariki mwa barabara itokayo mjini kupitia Lubao kuelekea Webuye. Mto Isiukhu hupita sehemu yake ya kaskazini na kuelekea Mto Nzoia. Mto Yala hupita sehemu ya kusini. Mito yote miwili humwaga maji yake Ziwa Victoria.

Watafiti wamefanya kazi katika msitu huo kwa muda mrefu. Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, amewafuatilia kima wa Isecheno tangu mwaka 1979, kizazi baada ya kizazi. Mradi wa BIOTA, uliowaleta pamoja wanasayansi wa Kenya na Ujerumani kuanzia mwaka 2001, ulichunguza miti, ndege, wadudu na udongo. Funzo moja kubwa la kazi za namna hiyo ni kwamba msitu haujipandi wenyewe bila wanyama. Kima hula matunda na kuzitema au kuzinya mbegu mbali na mti mama. Hondohondo huruka na mbegu kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine. Wanyama hao wakiisha, miti mingi hukosa wa kuisambaza, na mlango wa ghala la maji huanza kufungwa.

Yuko pia mnyama anayetegemea maji waziwazi. Tumbili wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe, ambaye wengi humwita karasinga, hupenda kuishi kwenye miti ya kandokando ya mito na vinamasi. Kwetu anajulikana katika kipande kidogo cha msitu kiitwacho Kisere, ambacho pamoja na Buyangu ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kakamega iliyoundwa mwaka 1985. Miti ya kando ya mto ikikatwa, karasinga hana kwa kwenda. Na mahali alipokosa miti yeye, nasi tunakosa kingo imara na maji safi.

CHEMCHEMI: UTAFITI ULIOFANYIKA KWETU

Kuanzia mwaka 2004, watafiti Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Zwane walifuatilia karibu chemchemi 200 katika wilaya za wakati huo za Busia na Butere-Mumias. Butere na Mumias leo ziko katika kaunti yetu. Baadhi ya chemchemi zilijengewa kinga: jicho la chemchemi likafunikwa kwa mawe na saruji, na maji yakatolewa kwa bomba ili mtu asichovye chombo wala ng'ombe asikanyage. Chemchemi za kuanza nazo zilichaguliwa kwa kura, ili ulinganisho uwe wa haki.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalikuwa na habari njema na onyo. Habari njema ni kwamba vijidudu vya kinyesi kwenye chemchemi zilizojengewa vilipungua kwa asilimia 66, na visa vya kuhara kwa watoto wadogo vikapungua kwa takriban robo. Onyo ni kwamba majumbani uchafu huo ulipungua kwa asilimia 24 tu. Maji yalitoka bombani yakiwa safi, yakachafuka njiani na nyumbani: kwenye jerikeni isiyooshwa, mtungi usio na kifuniko, kikombe kinachochovywa kwa mkono.

Kutokana na utafiti kama huo katika magharibi mwa Kenya ndipo lilipotoka wazo la kuweka vitoa klorini palepale mtu anapochotea maji, ili atie dawa kabla ya kujitwika jerikeni. Dawa hupata muda wa kufanya kazi njiani, na huendelea kuyalinda maji yakiwa nyumbani. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa njia hii ya utafiti wa kupima mambo mashinani.

KINACHOHARIBU CHEMCHEMI

Mara nyingi chemchemi huharibiwa kutoka juu, si pale inapotokea tu. Maji anayokunywa mtu leo yalizama kwenye shamba la juu, labda la jirani asiyemjua. Mambo manne huleta madhara zaidi:

1. Choo cha shimo kilichochimbwa upande wa juu wa chemchemi au karibu nayo. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kiwe upande wa chini.

2. Mikaratusi, yaani blugamu, iliyopandwa kwenye jicho la maji. Mti huo hukua haraka na kunywa maji mengi. Mwaka 2009 serikali iliagiza uondolewe kandokando ya vyanzo vya maji. Mahali pake ni kwenye miinuko mikavu. Karibu na chemchemi pafaa miti ya kiasili, mianzi na nyasi.

3. Kulima mahindi au miwa hadi ukingoni mwa mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka kwenye ukingo, kulingana na ukubwa wa mto. Ukanda huo ndio unaochuja udongo, mbolea na dawa za shambani.

4. Zebaki inayotumiwa na baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ikiingia mtoni haiozi. Huingia kwenye samaki na kurudi mezani, na kuchemsha maji hakuiondoi.

PIMA CHEMCHEMI YENU

Sayansi si ya wageni wenye mitambo pekee. Kamati ya chemchemi, au wanafunzi wa shule iliyo karibu, wanaweza kufanya kipimo hiki kwa jerikeni ya lita 20 na simu yenye saa.

Weka jerikeni tupu chini ya bomba na hesabu sekunde hadi ijae. Rudia mara tatu, kisha chukua wastani. Gawanya 20 kwa idadi ya sekunde. Kwa mfano, jerikeni ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Ikichukua sekunde 100, ni lita 17,280 kwa siku.

Andika tarehe na kipimo kwenye daftari moja, siku ileile ya kila mwezi. Chemchemi hupungua kila kiangazi, na hilo si ajabu. La kuangaliwa ni kulinganisha Februari na Februari nyingine. Ikiwa kila mwaka kipimo cha Februari kinashuka ingawa mvua ilikuwa ya kawaida, kuna jambo limebadilika huko juu: miti imekatwa, ardhi imegandamizwa, au blugamu zimekua. Daftari hilo ni ushahidi wa kupeleka barazani, na lina uzito kuliko kusema tu kwamba maji yamepungua.

Wakazi wanaotaka chemchemi yao ijengewe kinga au maji yapimwe vijidudu wanaweza kuanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii, afisa wa afya ya umma au ofisi ya wadi. Wakati mzuri wa kuanza ni kabla ya kiangazi, foleni zikiwa bado fupi na mwenye shamba la juu akiwa tayari kukaa na majirani wa chini.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

Maji ya chemchemi yetu yanazama katika mashamba ya nani, na je, wenye mashamba hayo wanajua?

Ni vyoo vingapi vilivyo upande wa juu ndani ya mita 30?

Jerikeni zetu huoshwa lini, na mitungi ya nyumbani ina vifuniko?

Nani atashika daftari la vipimo, na nani atalipokea akihama?