Jinsi ya Kusoma Shimo la Mzinga

Simama Chang'ombe, Dar es Salaam, karibu na Barabara ya Nyerere, utazame upande wa bandari. Ni kilomita chache tu. Sasa chukulia ni mwaka 1942, na ndege ya adui inatokea upande wa Pugu kwenda kupiga meli gatini. Rubani ataachia bomu akiwa juu ya meli?

Hapana. Bomu likiachiwa kutoka mita 3,000 huchukua kama sekunde 25 kufika chini, tukiacha kuhesabu ukinzani wa hewa. Muda wote huo linaendelea kwenda mbele kwa kasi ileile ya ndege iliyolibeba. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa hukata mita 111 kila sekunde. Zidisha kwa 25, unapata karibu mita 2,800. Bomu la gatini, basi, lingeachiwa hukuhuku Chang'ombe. Ndiyo maana anayetafuta mabaki ya mizinga ya kutungulia ndege hakomei ufukweni. Ndege ilitakiwa kupigwa kabla haijafika pa kuachia bomu, kwa hiyo ilibidi ulinzi wa bandari uizunguke pande zote, nchi kavu pia.

Mzinga nao una hesabu yake. Mzinga mzito wa Waingereza wa inchi 3.7 ulirusha kombora la kilo 12.7, likitoka mdomoni kwa kasi ya takriban mita 790 kwa sekunde. Njiani kasi hupungua. Tuseme wastani ni 600. Ndege ikiwa umbali wa mita 4,500, kombora litasafiri sekunde saba na nusu, na katika muda huo ndege imeshasogea zaidi ya mita 800. Ukiilenga ilipo, umepiga hewa. Lazima ujue kimo chake, kasi yake na inakoelekea, ukokotoe itakapokuwa, kisha utege fyuzi ya kombora ili lilipuke linapofika hapo. Hesabu hiyo ilifanywa mahali pamoja kwa darubini ya kupimia kimo na mashine ya kukokotoa, na majibu yakapelekwa kwenye mizinga kwa nyaya.

Umbo la kituo cha mizinga limezaliwa hapo: kwa kawaida mizinga minne, ikizunguka kituo kimoja cha amri. Mzinga wa kupigia meli hutazama bahari tu, lakini wa kutungulia ndege ulitaka anga yote, kwa hiyo shimo lake huwa la mviringo au la pembe nyingi. Ukikuta sakafu nene ya zege ya namna hiyo, yenye duara la boliti katikati, usiharakishe kusema ni tangi la maji.

Hofu ya mwaka 1942 ilikuwa na sababu. Aprili 5 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na kundi kubwa la manowari za Uingereza likahamia Kilindini, Mombasa. Ila kwenye pwani yetu ndege ilishatunguliwa zamani zaidi. Julai 11, 1915, katika delta ya Rufiji, manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga ndege ya John Cull na Harwood Arnold waliokuwa wakielekeza mizinga ya meli za Uingereza. Injini ilikufa, ndege ikashuka kuelekea mtoni, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha kwa redio hadi karibu na maji. Wote wawili walipona, Königsberg haikupona. Mizinga yake iliopolewa, ikaletwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo.

Mzinga huhama. Shimo halihamishiki. Udongo uliolala kwa karne nyingi umejipanga kwa tabaka, chembe zimeshikana. Ukiuchimba na kuurudisha, tabaka zinachanganyika na nafasi za hewa zinaongezeka. Mafundi wa msingi wanalijua hili bila maabara: wanadidimiza nondo ardhini, ikiingia kirahisi wanajua hapo palijazwa. Palipojazwa hubonyea baada ya masika, hutunza unyevu, na kiangazi majani yake hubaki mabichi yale ya jirani yakikauka. Chini pakiwa na zege, mambo hugeuka: mizizi haipati pa kwenda, majani hunyauka kwanza. Kutoka angani tofauti hizo huchora umbo zima.

Zege lenyewe haliozi haraka, lakini hewa ya pwani ina chumvi. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, kutu huanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Zege linapasuka kutoka ndani.

Vifaa vya kisasa vinasaidia, si kila mahali. Kipima-sumaku kikiletwa Chang'ombe ya leo kitasoma mabati, mabomba na daladala kabla ya kusoma historia. Kwa mji uliojaa hivi, kifaa ninachokiamini zaidi ni picha za angani zilizopigwa kabla ya nyumba kujengwa.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye linasubiri Waziri alitangaze. Shimo la mzinga la mwaka 1942 kwa hiyo linaweza kuvunjwa kesho kupisha fremu za maduka. Ukikutana nalo, lipige picha ukiweka futi kamba kando yake, andika mahali lilipo, uiarifu Idara ya Mambo ya Kale. Na ukiona kombora au kitu kinachofanana nalo, usikiguse wala usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu: sogea mbali, waite polisi.